Uzoefu wangu: IST inapiga selfu haiwaki, na fundi aliyenifuata Uyole na mashine

Kama gari lako linapiga selfu vizuri lakini haliwaki, na uko Mbeya mjini, Uyole au Mbalizi, tafuta fundi umeme anayetembea na mashine ya kupimia kabla hujanunua spea yoyote. Mimi nimeitumia huduma hiyo nyumbani na nimeridhika, ingawa mambo mawili hayakunipendeza.

Gari langu ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, nabebea ndizi na maparachichi kutoka Tukuyu. Lilianza kwa kuzima njiani nikipandisha kutoka Kiwira, likishapata joto. Ukilipumzisha likapoa, linawaka kama halijawahi kuumwa. Mwisho likagoma kabisa hapa nyumbani. Selfu inazungusha kwa nguvu, taa za dashibodi zote zipo, injini haishiki.

Majirani wakasema ni baridi. Kweli Uyole mwezi wa saba si mchezo, lakini baridi huisumbua betri, na betri ikichoka selfu huzunguka kwa kujivuta. Yangu ilizunguka haraka, tena gari lilikuwa linazima likiwa na joto. Mafundi wa gereji niliowaita kwanza wakasikiliza kwenye tangi, wakasema pampu ya mafuta imekufa kwa sababu hailii, nitoe shilingi 150,000 wafunge nyingine. Nikawauliza wamepima nini. Hawakuwa wamepima chochote, kwa hiyo sikutoa hela.

Huyu kijana wa mashine alichomeka waya wake chini ya usukani. "Dada, washa swichi tu, selfu usipige kwanza." Akasoma, akakuta kodi, yaani namba ya hitilafu, P0335. Kisha akanigeuzia kioo tuangalie wote: "Haya, piga." Injini inazunguka, mkanda unauona unakwenda, lakini kwenye mashine mzunguko wa injini unasoma 0. Hapo hata mimi nisiye fundi nilielewa. Kompyuta ya gari ilikuwa haijui kama injini inazunguka.

Alinieleza vizuri sana, na hili ndilo ningependa kila mwenye Toyota za aina hii alijue. Sensa ya krenki, kifaa kidogo kinachosoma mzunguko wa mhimili mkuu wa injini, ndiyo inayoipa kompyuta taarifa ya mzunguko. Taarifa hiyo isipofika, kompyuta haitoi moto kwenye koili za plagi wala haifungui nozeli za kunyunyizia petroli, na hata pampu ya mafuta haiiamuru ifanye kazi. Kwa hiyo pampu yangu ilikuwa nzima, ila haikuwa imepewa amri. Akafungua plagi moja akanipa mkononi. Ilikuwa kavu kabisa, haina hata harufu ya petroli. "Moto na mafuta kupotea pamoja, dada, ni nadra vyote viwe vimekufa. Tafuta anayeviamuru."

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakuishia kwenye kodi. Alisema kodi hiyo inataja njia nzima ya umeme ya ile sensa, na tatizo linaweza kuwa waya umekatika. Akapima nyaya kwa mita kutoka kwenye soketi mpaka kwenye kompyuta, zikawa nzima. Akapima sensa yenyewe, mita haikusoma kitu. Ndipo akaenda Mwanjelwa kununua nyingine. Iko chini, jirani na puli ya krenki, imeshikwa na bolti moja. Alipofunga, gari likawaka selfu ya kwanza.

Kupima na kufunga nililipa 30,000, na sensa, ambayo ni mtumba, 40,000. Haifiki hata nusu ya hela ya ile pampu.

Sasa yasiyopendeza. Aliniahidi saa nne asubuhi, akafika saa nane imepita bila kupiga simu, na mimi nina mzigo wa watu. Pia hana risiti. Nilimshikilia mpaka akaniandikia kwenye karatasi tarehe, spea aliyofunga na bei, kwa sababu sensa ya mtumba haina dhamana na lazima niwe na pa kuanzia ikileta shida. Kijana mwenye ujuzi kiasi hiki anunue kitabu cha risiti.

Tangu hapo nimepandisha Kiwira na mzigo wa kutosha na gari halijazima. Ukimwita fundi wa namna hii, mwambie mapema aina ya gari na mwaka wake, maana magari mengi ya Japani ya miaka ile hayaelewani na kila mashine. Kile kifaa kidogo cha bluetooth cha mdogo wangu kiligoma kabisa kuunganika na langu. Mwambie pia kama lilizima likiwa na joto au liligoma asubuhi. Na ukimsubiri, acha kupiga selfu, betri ibaki na nguvu. Ikiisha, atalazimika kuanza kutafuta umeme kabla hajapima kitu.