Duka la Vitu vya Kale Mikindani: Panga Nzuri, Kadi Zisizoaminika

Duka hili, lililopo Mikindani si mbali na Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, linastahili kutembelewa na kila apendaye panga za kale za Ulaya, kwa kuwa mwenye duka humruhusu mteja kuutoa upanga alani, kuusogeza penye mwanga na kuukagua kwa lenzi bila kuharakishwa. Ruhusa hiyo ina thamani kubwa, maana kadi zilizofungwa mipinini hazitegemeki.

Upanga mmoja umeandikiwa kuwa ni wa afisa wa Kijerumani wa mwaka 1870. Kwenye bapa, karibu kabisa na mpini, nilikuta kichwa cha mfalme na kofia ya chuma ya shujaa wa kale vimepigwa sambamba, nayo ni chapa ya Weyersberg Kirschbaum wa mjini Solingen, Ujerumani, kampuni ya kutengeneza panga iliyotokana na viwanda viwili vilivyoungana mwaka 1883, kila kimoja kikija na chapa yake. Kwa hiyo bapa hilo haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Mgongoni mwa bapa pana taji, herufi W na tarakimu 89, yaani alama ya ukaguzi ya Prussia, dola kuu ndani ya Ujerumani ya wakati huo, ya mwaka 1889, enzi ya mfalme Wilhelm wa Pili. Alama hiyo ilipigwa kwenye silaha zilizonunuliwa na serikali kwa ajili ya askari, ilhali maafisa walijinunulia panga zao, ambazo kwa kawaida hazikuwa nayo. Kadi imekosea mwaka, na imekosea mwenye upanga pia.

Wala jina la Solingen peke yake halithibitishi kwamba upanga ulibebwa na Mjerumani, kwani mabapa ya huko yaliuzwa nchi nyingi, na mengine yalitiwa mipini ya Kiarabu kule Oman.

Kinachonisikitisha zaidi ni panga mbili zilizosuguliwa kwa msasa ili zing'ae, hata chapa zake zikafutika. Kutu nyepesi hutolewa kwa mafuta na kitambaa laini. Chapa iliyokwisha kufutwa hairudi, na ninamsihi mwenye duka aliache zoezi hilo mara moja.

Upanga wa Kiingereza ulioning'inizwa ukutani umenusurika. Nyota ya pembe sita inayozunguka kijiduara cha shaba cha Wilkinson, kampuni ya Kiingereza ya kutengeneza panga, ambayo ni ishara kwamba bapa lilijaribiwa kiwandani, bado ni safi, na namba iliyopigwa mgongoni inasomeka yote, hivyo mnunuzi anaweza kuilinganisha na daftari za kampuni akaujua mwaka wake. Huo ndio pekee ambao bei yake naiona ni ya haki.