Mashine ya kanyagio ya kubangulia korosho: meza inayokuweka kazini na inayokutoa

Katika mabanda ya kubangua korosho Mtwara na Lindi, mashine ya kanyagio bado inashika nafasi yake. Ina visu viwili vilivyopindwa kufuata umbo la korosho, kanyagio chini na mpini pembeni. Unaweka korosho katikati, unakanyaga, visu vinakata ganda. Unasukuma mpini, ganda linaachana. Kiini unakichokoa kwa sindano. Haiulizi umeme upo au haupo. Kwa bei na kwa matengenezo inastahili sifa.

Ila haimfichi mtu. Jioni kila trei inakwenda mizani, nzima upande wake na vipande upande wake. Vipande vinauzwa bei ya chini, hivyo korosho ghafi zikianza kuisha ghalani na meza za wabanguaji zikipunguzwa, msimamizi anajua pa kuanzia: kwa wenye vipande vingi.

Kosa kubwa liko kwenye nafasi ya visu. Visu vikikaribiana mno vinaingia hadi kwenye kiini, vikiachana mno ganda linapondeka bila kufunguka. Mashine haina akili ya kujua korosho hii kubwa na ile ndogo; inafuata bolti ulivyoifunga. Kwa hiyo atakayechota gunia zima bila kuchambua ukubwa atakata kubwa na kuponda ndogo siku nzima, kisha aseme mashine mbovu. Zichambue mafungu matatu: kubwa, za kati, ndogo. Anza na fungu moja, bangua kumi za majaribio, tazama ganda: alama ya kisu ipite ganda lote na iishie hapo. Ukihamia fungu jingine, shika spana urekebishe. Ni kazi ya dakika chache ambayo wengi wanaikwepa kwa kukimbilia kilo.

Hizo kumi za majaribio zinakueleza pia habari za boila, mtambo unaopikia korosho kwa mvuke kabla ya kubanguliwa. Kiini kikinata kwenye ganda, korosho haijapumzika vya kutosha baada ya mvuke. Ziache zipoe usiku kucha. Kikivunjika kama biskuti, zimekauka kupita kiasi. Hapo nenda kwa msimamizi asubuhi, kabla trei haijajaa. Anayesema saa mbili asubuhi anasikilizwa, anayesema jioni kwenye mizani anaonekana anajitetea.

Mikono sasa. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na yakigusa kiini yanaacha doa jeusi linaloshusha daraja. Glavu nene zinakinga lakini vidole vinapoteza hisia, ndiyo maana wengi wanapaka mafuta ya nyonyo au ya kupikia, kisha majivu. Hilo linafaa ukirudia kila mara mkono unapoanza kunata; kupaka asubuhi tu ni kujidanganya. Mkono mmoja ushike ganda, mwingine uguse kiini, isibadilishane. Tambara la kufutia visu likae mezani, maana mafuta yakiganda kwenye kisu yanahamia kwenye kila kiini kinachofuata. Mwenye vidole vilivyobabuka hukosa siku mbili tatu, na meza haikai wazi ikimsubiri.

Kuna mambo mengine yasiyo na uhusiano na chuma. Kutafuna korosho mezani ni njia ya haraka kuliko zote ya kurudi nyumbani. Kuficha vipande kwenye rundo la maganda inafuata, kwa sababu msimamizi mwenye uzoefu hupekua maganda kwanza, trei baadaye. Na hesabu hazidanganyi: kilo nne za ghafi hutoa takriban kilo moja ya kiini, wakati mwingine pungufu. Ukipewa kilo 20 ukarudisha tatu, utaulizwa.

Weka daftari lako: tarehe, kilo za ghafi ulizopokea, nzima, vipande. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo, na vibarua wengi wa msimu wanaangukia humo. Aliyevuka miezi hiyo akaachishwa ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Bila daftari, atabaki na maneno matupu.

Kwa kikundi kinachotaka kununua: kanyaga mara ishirini ukiwa dukani. Kanyagio likiyumba kushoto na kulia, visu havitakutana sawasawa. Vifunge polepole, tazama mwanga katikati. Upande mmoja ukipitisha mwanga kuliko mwingine, iache. Springi irudishe kanyagio yenyewe bila kuvutwa kwa mguu, maana anayevuta kanyagio siku nzima huchoka goti kabla ya mchana na kuanza kukanyaga ovyo. Muulize fundi kama visu vya akiba anavyo na vinauzwa peke yake. Kwa wa Mikindani na pwani yote, hewa ya chumvi inakula bolti: zipake grisi kila mwisho wa wiki, la sivyo siku ya kurekebisha nafasi ya visu nati itagoma, na mtaishia kubangua kubwa na ndogo kwa kipimo kimoja.