Isabgol: kidogo initoe roho, kisha ikanisaidia, na bado nina hasira

Nimekaa na hasira hizi muda sasa, nikidhani zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naandika.

Naongelea isabgol, yale maganda meupe mepesi wanayouza madukani hapa Dar kwa watu wenye choo kigumu. Mimi nilifikishwa huko na vidonge vya kuongeza damu. Nilipewa baada ya kujifungua kwa sababu damu ilikuwa chini, na hata wiki mbili hazikuisha tumbo likafunga. Siku nne, siku tano sipati choo. Nikipata, ni vigololi kama vya mbuzi, najikamua hadi machozi yanatoka, na mshono wenyewe bado mbichi. Mwanamke aliyezaa anaelewa ninachosema.

Nikaenda duka la dawa la mtaani kwetu. Kijana wa kaunta alikuwa na simu sikioni. Nilimweleza kwa sauti ya chini maana nyuma yangu kulikuwa na watu. Hakuuliza natumia dawa gani nyingine. Hakuuliza nina siku ngapi, wala kama tumbo linauma au natapika. Akatoa kifuko cha plastiki kilichokwisha kupimwa, kimefungwa fundo, hakina jina, hakina maelezo, hakina tarehe. Nikamuuliza natumiaje. "Kijiko kimoja usiku, dada, unabwia tu." Akarudi kwenye simu yake.

Nikabwia. Kijiko kikavu, nimekaa kitandani, mtoto pembeni, nikasukumia na mafunda mawili ya maji. Yale maganda yalipokutana na mate yalishikana yakawa donge, likasimama katikati ya koo. Halipandi, halishuki. Nikiongeza maji yanarudi puani. Mume wangu alinipiga mgongoni, akanipiga tena na tena, mpaka likatoka, linateleza kama bamia. Nilikesha nimeegemea ukuta. Niliogopa kulala.

Asubuhi nilirudi dukani. Sikwenda kugombana, nilikwenda kumwambia ili asimuue mtu. Akanijibu mbele ya wateja: "Hayo ni maganda tu, dada, si sumu. Mbona wenzako wanatumia?" Hata pole hakusema. Neno moja tu, pole, lingenitosha siku ile. Nikaapa kwamba isabgol haitaingia tena nyumbani kwangu.

Siku ya kliniki nilimsimulia nesi mmoja mtu mzima. Aliacha alichokuwa anaandika. Kabla ya yote akaniuliza kama huwa nina shida ya kumeza. Halafu akasema, "Mwanangu, dawa hii kazi yake ni kunywa maji. Usipoipa maji, itayatafuta popote ilipo, hata kooni." Inatakiwa ifike tumboni ikiwa imeshalowa, ivute maji na kuvimba ndani ya utumbo, ndipo choo kinakuwa laini na kikubwa kiasi cha kusukumwa chenyewe. Kwa hiyo unakoroga kwenye glasi nzima iliyojaa, unakunywa palepale kabla haijaganda, unafuatishia maji mengine, na huendi kulala saa hiyo. Anza na kijiko kidogo cha chai kwa siku, uongeze taratibu, la sivyo tumbo litajaa gesi. Vidonge vya damu viache mbali nayo angalau saa mbili, maana inaweza kuvizuia visifanye kazi. Na tumbo likiwa limevimba, linauma sana, unatapika na hata hewa haitoki, usiiguse kabisa: njia inaweza kuwa imeziba, wewe utakuwa unaongeza mzigo. Ukiona damu kwenye choo, usikae nyumbani, njoo hospitali.

Nilipofika nyumbani nilitaka kuona kwa macho. Nikatia kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha kahawa chenye maji kidogo, nikaenda kumbadilisha mtoto nepi. Niliporudi nikakigeuza kikombe juu chini. Hakikudondoka kitu. Donge zima lilishika humo ndani, linatetemeka. Nililitazama nikiwaza ni hilo hilo lililokuwa kooni kwangu.

Nikajaribu alivyonielekeza nesi. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Alishaniambia inaweza kuchukua hata siku tatu, nisiongeze dozi kwa pupa. Siku ya tatu asubuhi nilipata choo bila kujikamua, mshono haukuuma. Nililia chooni kwa raha. Kama mnataka jibu langu la siku ile, ni dawa nzuri kuliko zote nilizowahi kutumia kwa tatizo hili, na niliyasema hayo kwa kila aliyenisikiliza.

Kumbe kuna aliyesikia nusu. Jirani yetu ana mama yake aliyepata kiharusi, hata chai humpalia, wanamnywesha kwa kijiko. Naye alikuwa hapati choo. Jioni moja naingia kumjulia hali, nikakuta kifuko juu ya meza, plastiki ile ile, fundo lile lile. "Nimeambiwa dukani nimbwishe kijiko usiku," binti yake akaniambia. Mwili wote ulinisisimka. Nikakichukua, nikamsihi ampeleke mama hospitali kesho yake, na alimpeleka, wakampa dawa ya aina nyingine.

Kwa hiyo nilisema ni dawa nzuri, na kwangu mimi ni kweli, lakini tangu jioni ile mtu akiniuliza siwezi kumjibu tu "kanunue." Kwanza namuuliza anameza vizuri? Anatumia dawa gani? Amewahi kuona damu? Maswali ambayo yule kijana alipaswa kuniuliza mimi, na hayamgharimu hata dakika mbili.

Juzi nimepita pale dukani. Vifuko bado vimepangwa kwenye ndoo juu ya kaunta, vyote vimefungwa fundo, hakuna hata kimoja chenye maandishi.