Kununua Kariakoo baada ya miaka mingi: uzoefu wangu na mitaa ambayo mwenye mali haonekani tena

Tathmini hii naiandika kwa ajili ya mtu wa mikoani anayefikiria kufunga safari hadi Kariakoo, mitaa ya soko kuu la Dar es Salaam, hasa yule aliyepazoea zamani na anayeamini atapakuta vilevile. Mimi nilikuwa mteja wa mitaa ile wakati ambapo nyumba nyingi za Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Sikukuu zilikuwa bado za chini, zenye baraza mbele na vyumba vya wapangaji nyuma, kabla sijahamia Songea. Safari hii nilikwenda kutafuta kitenge cha sare kwa harusi ya mtoto wa dada yangu, pamoja na mashuka na vyombo, na kwa bidhaa hizo bado sijaona mahali pengine nchini penye uchaguzi mpana namna ile.

Mabadiliko yanayoonekana kwa macho ni mengi na sitayasimulia yote. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, yanapita katikati ya Mtaa wa Msimbazi, kwa hiyo kufika ni rahisi kuliko enzi za daladala. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021 na kufanyiwa ukarabati mkubwa, na nilifurahi kuona kwamba ile miavuli ya zege ya paa lake haikuondolewa. Nyumba za chini karibu zote zimegeuka maghorofa. Nakiri kwamba tangu jengo moja lilipoporomoka Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, siingii tena kwenye duka la chini ya ardhi bila kutazama kwanza njia ya kutokea ilipo.

Lakini badiliko lililonigusa kama mnunuzi halimo katika majengo, bali katika mtu anayenihudumia. Zamani ulisimama mbele ya meza ya mbao, na nyuma yake alikuwapo mwenye duka mwenyewe au mwanawe, mtu aliyekijua kila kitambaa alichokipanga rafuni na ambaye ungemkuta palepale ukirudi baada ya Idi. Leo ghorofa moja imekatwa fremu nyingi ndogondogo, baadhi yake hazizidi upana wa kabati la nguo, na mtu wa kwanza kukupokea, mara nyingi kabla hujavuka barabara, ni winga. Yeye hana duka wala mali. Kazi yake ni kukuuliza unatafuta nini, kukupeleka kwenye fremu anayoijua au kukuletea bidhaa hapo uliposimama, kisha kuongeza cha juu, yaani faida yake, kwenye bei aliyopewa na mwenye duka.

Sipendi namna watu wanavyowazungumzia vijana hawa kana kwamba wote ni matapeli. Katika jengo lenye ngazi za giza na korido zinazofanana, kijana anayejua kwamba mashuka ya pamba yako ghorofa ya tatu anakuokolea asubuhi nzima, na hiyo ni kazi inayostahili malipo. Tatizo ni kwamba malipo hayo yamefichwa ndani ya bei, na kwamba winga anaweza kuitaja bidhaa kwa jina lolote. Kila kitenge nilichoonyeshwa mtaani kiliitwa waksi halisi, yaani kile ambacho rangi zake hukolea sawa pande zote mbili, hata kile ambacho nilipokigeuza upande wa pili rangi zilikuwa zimefifia kama zimeogopa kupita. Mwenye duka wa zamani wa Mtaa wa Uhuru angekigeuza yeye mwenyewe kabla sijamwomba, kwa sababu alijua nitarudi.

Kwa hiyo niliacha kununua chini na nikapanda juu. Huko ghorofani ndiko waliko wauzaji wa jumla, wanaohudumia wafanyabiashara wa kutoka Kongo, Zambia na Komoro, na nilisikia Kiswahili cha Lubumbashi kikipatana bei kwa ustadi mkubwa kuliko wangu. Kwa kuwa sare huhitaji pisi nyingi za rangi moja, nilihesabiwa kama mnunuzi wa jumla, na tofauti ya bei na ile ya mtaani ilikuwa kubwa kiasi cha kulipia vyombo vyote. Anayekwenda kutafuta shuka moja au sufuria mbili hapati nafuu hiyo, na kwa maoni yangu mtu wa aina hiyo hana tena sababu ya kutoka mkoani kuja Kariakoo. Mawinga wenyewe hupiga picha za bidhaa, huzituma kwa simu na kupakia mzigo kwenye basi, ingawa hapo tena utanunua kwa kuamini neno la mtu usiyemwona.

Malipo ni jambo ninalolisifu bila shaka yoyote. Kila fremu niliyoingia ilikuwa na lipa namba, yaani namba ya kulipia kwa simu, imebandikwa ukutani, na sikuhitaji kuficha noti kwenye soksi kama tulivyozoea. Hata hivyo, nashauri umlipe mwenye fremu na si winga, na udai risiti ya mashine hata kama utaonekana msumbufu. Seti moja ya mashuka niliyonunua haikuwa na foronya. Niliporudi, winga hakuwapo na hakuna aliyemfahamu, lakini risiti ilikuwa na jina la duka, nami nikabadilishiwa hapohapo licha ya kibao kilichosema mali ikishauzwa hairudishwi.

Kuhusu kusafirisha, mabasi mengi ya mikoani sasa huondokea kituo cha Magufuli kule Mbezi, mbali na Kariakoo, kwa hiyo ongeza gharama ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwenye hesabu yako kabla hujashangilia bei ya jumla. Mzigo wa vyombo ni bora uupeleke jioni ya kuamkia safari, ukiwa umeandikwa jina na namba ya simu pande zote mbili.