Seti ya sarafu 12 za kaskazini mwa India: sarafu safi, kadi ndo tatizo (nyota 3 kati ya 5)

Hii seti nimeimezea mate muda mrefu, sarafu 12 za falme za kaskazini mwa India kuanzia karne ya 9 mpaka ya 13 hivi, kila moja na kitundu chake ndani ya boksi la mbao na kadi yake ya maelezo, mwisho nikajikaza nikaagiza. Mzigo umefika salama, sponji nene, hakuna kilichogongwa. Muuzaji simtaji jina, tulishaongea inboksi yakaisha, ila wacha niandike maana wengi wetu tunanunua hizi seti ili tujifunze na ukizifuata hizi kadi utajifunza kombo.

Nianze na mazuri. Ile ya Mihira Bhoja, mfalme wa ukoo wa Wapratihara, ni tamu kweli, mungu Vishnu kwa umbo la Varaha, mwili wa mtu kichwa cha nguruwe pori, na nyuma maandishi "Srimad Adivaraha". Kadi imeeleza vizuri kwamba hilo ni jina la sifa la mfalme, usitafute neno Bhoja hapo hulipati. Ya malkia Didda wa Kashmir pia iko sawa, kashaba kadogo kamechakaa lakini jina lake linasomeka, mwanamke alitawala kwa jina lake mwenyewe mpaka 1003, hiyo naiangalia kila siku.

Sasa njoo kadi namba 4. Imeandikwa: Samanta Deva, mfalme wa Hindu Shahi, Kabul, fedha. Upande mmoja ng'ombe dume mwenye nundu amelala, upande wa pili mpanda farasi na mkuki. Nikaiweka kwenye mizani ya sonara, gramu 3.4, hapo sina neno. Kilichonishtua ni rangi, kwenye ukingo ulioliwa kuna wekundu wa shaba, na zile za mwanzo za ukoo huo wa Hindu Shahi ni fedha ya kueleweka, hii ni biloni, yani shaba nyingi iliyotiwa fedha kidogo. Nikachukua lenzi, taa nikailaza pembeni ili herufi zitoe kivuli, nikageuza upande wa mpanda farasi. Shida ya hizi sarafu muhuri ulikuwa mkubwa kuliko kipande cha chuma chenyewe kwa hiyo nusu ya maandishi inabaki hewani, lakini pale pembeni ilibaki "thvi" na mwanzo wa "ra".

Aisee. Huyo ni Prithviraja wa Tatu, mfalme wa ukoo wa Chauhan, Ajmer, yuleyule aliyepigwa vitani na Muhammad wa Ghor kule Tarain mwaka 1192. Kadi imepotea zaidi ya miaka 200, na kutoka Kabul mpaka Ajmer si karibu.

Na kosa lenyewe linaeleweka, ndo maana naudhika zaidi, mtu anayeuza seti ya kufundishia lazima alijue. Pesa ya ng'ombe na mpanda farasi ilianza kwa Hindu Shahi, watu wakaizoea na kuiamini, basi waliokuja baada yao wakaendelea nayo na jina la Samanta Deva wakaliacha palepale upande wa ng'ombe. Chauhan wakaandika "Asavari Sri Samanta Deva" huku, na huku upande wa farasi jina lao. Ni kama mfuko wa unga, mwenye kinu kafa zamani lakini jina lake bado lipo kwenye mfuko. Hata Muhammad wa Ghor baada ya kushinda hakuitupa, akaandika jina lake kwa Kinagari, herufi za Kihindi, "Sri Mahamada Same", farasi na ng'ombe wakaendelea na kazi. Nilimwandikia muuzaji akanijibu "kaka jina si lipo hapo, Samanta Deva". Nikamwambia kaka, geuza sarafu.

Namba 7 na 8 ni gadhaiya, na hapa kadi imejiamini kupita kiasi, eti "Paramara", yani ukoo mmoja wa kifalme wa huko. Kwa ushahidi gani? Hazina jina. Hizi zilitokana na drahma, sarafu za fedha za Peroz mfalme wa Uajemi, aliyeuawa na Wahefthali, watu wa Asia ya Kati, mwaka 484, wakaziiga India kizazi kwa kizazi mpaka uso wa mfalme ukawa mistari na vitone na madhabahu ya moto ya upande wa pili ikawa kama ngazi. Zilitumika Gujarat, Rajasthan na Malwa chini ya watawala tofauti. Angeandika tu "gadhaiya, magharibi mwa India" angekuwa mkweli. (Gadha kwa Kihindi ni punda, nimegeuza huku na huku punda sijamwona.)

Ya dhahabu ni nakala na wamesema wazi, kwa bei hii nisingetegemea dhahabu. Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, amekaa, nyuma mistari mitatu ya jina la Gangeyadeva, mfalme wa ukoo wa Kalachuri wa karne ya 11. Kadi inataja kwamba koo za Chandela, Gahadavala na Tomara ziliiga, na kwamba yule Muhammad wa Ghor naye alitoa dhahabu yenye Lakshmi. Hapo safi, jina linatosha kukuambia ni ya nani.

Kilichokosekana kwenye kadi zote ni uzito na madini. Thakkura Pheru, aliyefanya kazi kwenye karakana ya sarafu ya masultani wa Delhi, aliandika mwaka 1318 ni kiasi gani cha fedha kilichomo kwenye sarafu za aina mbalimbali, sasa wewe wa leo mwenye mizani ya betri unashindwaje kuandika gramu?

Jambo jingine, ulizeni sarafu zimetoka wapi. Sheria ya India ya 1972 hairuhusu mtu binafsi kutoa nje sarafu za umri huu, na mimi nilipouliza nikapewa "mkusanyiko wa zamani" bila karatasi yoyote. Nyota moja imekwenda na hilo, nyingine na namba 4.

Seti sijairudisha. Kadi namba 4 nimeikata kwa penseli nikaandika Prithviraja III, Ajmer, biloni, 3.4, na zile mbili za gadhaiya sehemu ya mfalme nimefuta nikaacha wazi.