Twine mikononi mwa mwalimu wa udaktari

Kisa cha kwanza nilichotunga kwa programu ya Twine kilianza na maneno ya mama aliyembeba mtoto wa miaka mitatu mlangoni mwa chumba cha dharura: "Daktari, ameshtuka ghafla, macho yakageuka juu, nikajua hii ni degedege." Chini ya maneno hayo mwanafunzi aliona njia tatu: amuulize mama historia ya ugonjwa, ampime mtoto sukari kwenye damu, au aagize kipimo cha haraka cha malaria. Hakuna njia iliyokuwa ya kijinga, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kutunga visa vya namna hii, kwa sababu kisa ambacho jibu lake baya linanuka tangu mbali hakimfundishi mwanafunzi kitu zaidi ya kunusa. Nimeitumia programu hii kwa mihula miwili kufundishia wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, na tathmini hii ninawaandikia walimu wenzangu wa vyuo vya tiba wanaofikiria kuijaribu.

Twine haikutengenezwa kwa ajili ya madaktari. Chris Klimas aliitoa mwaka 2009 iwe chombo cha kutungia hadithi ambazo msomaji hujichagulia njia, na wanaoifahamu zaidi ni watunzi wa hadithi na wa michezo ya kompyuta. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inaweza pia kutumika moja kwa moja ndani ya kivinjari. Ukiifungua unakutana na uwanja wenye visanduku. Kila kisanduku ni kipande cha hadithi, na ukiandika jina la kipande kingine ndani ya mabano mawili ya mraba, mshale unajichora wenyewe kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Mwalimu anayeweza kuandika barua kwa kompyuta atakuwa na kisa kinachotembea kabla ya chai ya saa nne.

Shida huanza baada ya chai. Ukimpa mwanafunzi njia tatu katika kila hatua, na kisa kikawa na hatua tano, tayari una miisho 243, na hakuna mwalimu mwenye raundi ya wodi kesho asubuhi atakayeiandika yote. Dawa yake ni kuyaacha matawi yaachane kisha yakutane tena, kama mikono ya mto Rufiji kabla haijamwaga maji baharini, na kuiachia programu kazi ya kukumbuka mwanafunzi alipitia wapi. Twine ina uwezo wa kubeba hesabu ndogo ndogo kutoka kipande hadi kipande bila msomaji kuziona. Katika kisa changu inabeba dakika zilizopita, kiwango cha sukari cha mtoto, na kama mama bado ana imani na daktari. Kuuliza historia kunakula dakika sita, kipimo cha malaria kinakula 15, kupima sukari kunakula moja. Mwanafunzi aliyeanza na historia, akangoja majibu ya malaria, kisha akakumbuka sukari, anafika kwenye kipande kilekile alichokifikia mwenzake mapema, ila mtoto wa kwake ameanza kutikisika tena na sukari imeshuka kutoka milimoli 2.0 kwa lita hadi 1.4.

Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niipendekeze. Kisa kilichoandikwa kwenye karatasi huweka mambo yote mezani kwa wakati mmoja: homa tangu juzi, degedege mara mbili, kipimo cha malaria chanya, sukari iko chini, taja utambuzi na matibabu. Mwanafunzi hujibu vizuri kwa sababu mwandishi ameshamfanyia kazi ngumu ya kuamua kipi kitafutwe kwanza. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye kwenye mtihani wa maandishi hakuwa akikosa swali la malaria kali, lakini ndani ya Twine mtoto alimfia mara tatu mfululizo, kila mara akiwa na majibu yote sahihi mkononi na dakika 40 zikiwa zimekwisha.

Programu inaweza pia kumtaka mwanafunzi aandike namba mwenyewe badala ya kuchagua. Mtoto wangu ana kilo 12. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015, mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa artesuneti, dawa ya malaria kali, ya sindano miligramu 3 kwa kila kilo, si 2.4 kama watoto wakubwa na watu wazima, kwa hiyo jibu ni miligramu 36. Anayeandika 29 hapigiwi kengele wala kuoneshwa alama nyekundu, muuguzi anamtazama na kusema, "Daktari, samahani, uzito wake tumeuandika kwenye cheti." Sentensi hiyo nilihangaika nayo kuliko hesabu yenyewe, maana wodini ndivyo makosa yanavyorekebishwa mara nyingi, kwa adabu, na daktari asiyejua kusikia adabu hiyo ni hatari.

Njia mbaya nazo zinadai kuandikwa kwa uaminifu. Kwenye kisa hiki kuna wakati mikono ya mtoto inakuwa ya baridi na mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na mwanafunzi anaweza kuamua kumwagia maji mengi ya dripu kwa haraka. Mtunzi mvivu angeandika kwamba mtoto alizidiwa papo hapo. Ukweli ni kwamba katika utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 na kuchapishwa mwaka 2011, waliopewa maji kwa mkupuo walifariki kwa wingi zaidi ndani ya saa 48, takriban 10.5 kwa kila 100 wakilinganishwa na 7.3 kwa wale ambao hawakupewa, ilhali dalili za mshtuko, yaani damu kutofika vizuri mwilini, kwa wengi zilionekana kupungua mwanzoni. Kwa hiyo kipande changu kinasema mikono imepata joto na mama ametabasamu. Ubaya unakuja vipande vinne baadaye, usiku, na mwanafunzi inambidi arudi nyuma kwa mawazo yake mwenyewe kutafuta ulipoanzia.

Nasema kwa mawazo yake mwenyewe kwa sababu mtindo wa Harlowe, ambao ndio Twine hukupa usipochagua mwingine, huweka pembeni mwa ukurasa vishale viwili vya kurudi nyuma na kwenda mbele. Kwa msomaji wa hadithi ni huduma nzuri. Kwa daktari mwanafunzi ni uongo mtupu, kwani anabofya mara moja na sindano aliyoichoma inatoka mwilini. Vinaondolewa kwa mstari mmoja wa mapambo ya ukurasa, lakini lazima mtu akuambie, na kundi langu la kwanza lilikuwa limeshafufua watoto wengi kabla sijagundua.

Kuhusu usambazaji sina la kulalamika. Kisa kilichokamilika hutoka kama faili moja la HTML, yaani ukurasa wa kivinjari, ambalo, likiwa la maandishi matupu, kwangu halijawahi kufika megabaiti moja, na likishafika kwenye simu halihitaji intaneti tena. Ninalituma kwenye kundi la darasa la WhatsApp jioni, na asiye na bando analichukua kwa mwenzake. Kwenye simu chache lilifunguka jeupe hadi tulipolifungua kwa kivinjari chenyewe. Zaidi ya hapo, wanafunzi walioko vituo vya mafunzo vya mbali wamelitumia sawa na walioko mjini.

Mapungufu yapo, na mawili ni mazito. La kwanza ni picha. Twine hailei picha ndani yake: ama unaiwekea anwani ya mahali picha ilipo, na hapo intaneti inarudi kuwa lazima, ama unaigeuza picha kuwa msururu mrefu wa herufi na kuubandika ndani ya kipande, kazi inayochosha na inayolivimbisha faili. Kwa degedege nilijimudu bila picha. Kwa kifua kikuu, ambapo picha ya eksirei ya kifua ndiyo nusu ya kisa, nilikata tamaa. La pili ni kwamba faili halimrudishii mwalimu chochote. Halijui nani kalifungua, kachagua nini, wala kafika wapi. Nimeziba pengo hilo kwa kuweka mwishoni ukurasa unaoorodhesha maamuzi ya mwanafunzi na dakika zake, ambao anaupiga picha na kuja nao darasani, na ni lazima nikiri kwamba mjadala unaozuka juu ya picha hizo ni mzuri kuliko alama yoyote ambayo ningeandikiwa na kompyuta.

Anayehitaji alama ziingie zenyewe kwenye daftari la chuo, na ambaye chuo chake tayari kinaendesha Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, atafute H5P, programu ya kutungia mazoezi ndani ya mfumo huo, ambayo ina aina ya zoezi la matawi lenye picha na video na linalopeleka alama panapohusika. Nimeijaribu. Ni nadhifu, lakini kila kitu kinakaa kwenye seva, na haina namna ya kubeba saa inayokwenda kutoka hatua hadi hatua jinsi ninavyotaka, kwa hiyo kisa kinarudi kuwa maswali ya kuchagua yaliyopangwa kwa foleni.

Tahadhari moja kwa wanaotumia Twine ndani ya kivinjari: kazi yako inakaa kwenye kivinjari hicho hicho, na data zake zikifutwa inakwenda nazo. Programu inaonya, nami sikusikia. Kompyuta ya ofisini ilisafishwa wakati wa likizo na vipande 20 vikaenda. Tangu hapo natumia ile inayosakinishwa kwenye kompyuta, ambayo huhifadhi kwenye folda ya nyaraka.

Limebaki jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza, nalo ni lugha. Tunafundisha kwa Kiingereza, na visa vyetu vya karatasi huandikwa kana kwamba mama wa mtoto naye alisomea Kiingereza. Ndani ya Twine nimemwacha mama aseme Kiswahili chake. Mwanafunzi akimuuliza, "Umempa dawa gani?" anajibu, "Sijampa kitu," na imani inashuka. Akimwambia, "Pole sana mama. Kabla ya kuja hapa mlijaribu dawa yoyote, ya nyumbani au ya dukani?" anasimulia kwamba wiki tatu zilizopita mtoto alimaliza dozi ya dawa mseto. Habari hiyo inabadilisha kisa kizima, kwa kuwa kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya kimelea kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona malaria, na degedege la leo huenda ni homa ya uti wa mgongo iliyojificha nyuma ya mstari mwekundu wa kipimo.

Kisa hicho sasa kina vipande 41. Cha pili, cha kifafa cha mimba, kimekwama kwenye kipande cha tisa, kwa sababu sijaamua mama mkwe wa mgonjwa, ambaye hujibu maswali yote kwa niaba yake, atatolewa vipi chumbani bila kumkosea heshima.