Tathmini: Ziara ya Boti Delta ya Rufiji na Somo la Maji Yanayopanda

Ziara za boti katika delta ya Rufiji kwa kawaida humwonyesha mgeni viboko, ndege na eneo ilikozamishwa manowari ya Kijerumani Königsberg mwezi Julai 1915. Ziara ya nusu siku inayoendeshwa na kikundi cha wenyeji kutokea Nyamisati, wilayani Kibiti, imechagua njia nyingine: inaeleza kwa nini maji hupanda hadi kuingia mashambani. Ni huduma inayostahili nauli yake, ingawa sehemu moja ya maelezo inahitaji kurekebishwa.

Nguvu yake kubwa ni mwongoza watalii mwenyewe, mzee wa Kindengereko aliyewahi kukata boriti za mikoko kabla ya kuanza kazi hii. Haanzi na mabadiliko ya tabianchi. Anaanza na mto. Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu kutoka bonde lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 177,000, kwa hiyo mvua iliyonyesha nyanda za juu za kusini huweza kuinua maji ya delta siku kadhaa baadaye, huku Kibiti kukiwa hakujadondoka hata tone. Kisha husimamisha boti kando ya mchu mkubwa, aina ya mkoko, na kuonyesha alama mbili za tope shinani: ya chini imeachwa na bamvua la kawaida, yaani siku bahari inapojaa sana, na ya juu, inayomfika mtu mzima kifuani, imeachwa na bamvua lililokutana na mafuriko ya masika. Hapo ndipo kilipo kiini cha somo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi mita 3, na mto uliofurika ukikuta bahari imejaa kiasi hicho hukosa pa kutokea, ukarudi nyuma na kutandaa katika mashamba ya mpunga.

Bahari yenyewe imepewa muda mfupi mno, pengine kwa kuwa kupanda kwake hakuonekani kwa macho. Usawa wa bahari duniani umepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwaka 1900, maji yakitanuka kwa joto na barafu ya nchi kavu ikiyeyuka, na kila bamvua sasa huanzia juu kidogo kuliko zamani. Lakini mzee alieleza vizuri habari ya ardhi: delta ni tope lililoletwa na mto, hushindiliwa kwa uzito wake na kushuka taratibu, na haiwezi kubaki juu ya maji isipoongezewa tope jipya. Mikoko hulinasa tope hilo kwa mizizi. Palipofyekwa ili kulima mpunga ukingo humomonyoka, na tulipita mahali ambapo mikandaa, aina nyingine ya mikoko, ilikuwa imeinamia maji, nusu ya mizizi ikiwa hewani.

Nisipokubaliana naye ni kuhusu mafuriko ya Aprili 2024, ambayo lawama zake alilitwika peke yake Bwawa la Julius Nyerere, bwawa la umeme lililojengwa katika mto huu juu ya delta. Maji yaliyoachiliwa bwawani yalilalamikiwa na wakazi wengi, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Hata hivyo msimu ule ulikuwa wa El Niño, mvua zilizidi kawaida katika sehemu kubwa ya nchi, na bonde hili lilifurika vibaya mwaka 1998, miaka mingi kabla ya bwawa kujengwa. Bwawa, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lina swali zito zaidi ambalo hakuligusa: tope linalotuama nyuma ya ukuta wake halitaifikia delta, na ardhi inayoshuka bila kujazwa huongeza kina cha maji hata pasipo mafuriko.

Boti ni safi na ina kivuli cha turubai. Majaketi ya kujiokolea yalitutosha sisi watu wazima, lakini hakukuwa na hata moja la mtoto, nayo ni kasoro isiyovumilika kwa huduma inayokaribisha familia. Wali na kaa wa nazi vilikuwa vizuri sana. Anayepanga kwenda aangalie kalenda ya mwezi na aombe siku ya bamvua, kwa kuwa nauli ya siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo, ni ileile na kinachoonekana ni kidogo. Maelezo hutolewa kwa Kiswahili tu, hivyo mgeni asiyekijua aje na mkalimani wake.